Vumbi la Makala Nalo Ni Makala



Kila mama wa Bukavu anajua mfuko wa makala unapofika mwisho. Unaukung'uta, unaugonga chini, halafu unasikia vumbi tu likishuka. Hapo mtoto anatumwa kwenye kona akanunue makala ya kopo, maana chungu cha maharagi kiko tayari kwenye mbabula na baba anarudi. Na lile vumbi? Tunalimwaga kwenye mtaro pamoja na maganda ya ndizi. Mvua ikinyesha, yote yanashuka mpaka ziwani.

Tulifanya hivyo miaka mingi bila kufikiri kwamba vumbi lile tulilinunua. Mwuza makala hakutupunguzia bei kwa sababu ya vumbi. Lilipimwa pamoja na makala, tukalilipia, tukalibeba mlimani kichwani, kisha tukalitupa.

Juma hili tunapenda kuongea juu ya briketi, yaani makala tunayofinyanga wenyewe kwa vumbi na kwa takataka za mimea. Kikundi chetu kimefanya kazi hii karibu mwaka mzima sasa. Hatutawaambia kwamba ni muujiza. Kuna mambo yametuendea vizuri, kuna tuliyoharibu, na kuna kosa moja lililotaka kutuletea kilio. Tunayaandika yote, hasa hilo la mwisho, kwa sababu mvua inarudi, na mvua ikirudi mbabula zinaingia ndani ya nyumba.

Makala yetu yanatoka wapi

Umeme wa Ruzizi tunao siku nyingine, siku nyingine hatuna. Hata ukiwepo, si mama wengi wenye reshu ya kupikia. Basi jiji letu, kuanzia Bagira mpaka Kadutu na Ibanda, linapika kwa makala. Yanakuja kutoka Kabare, Walungu na Kalehe, kwa lori, kwa pikipiki, na juu ya migongo ya wamama wenzetu. Mengine yanatoka ndani ya Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuwekwa kati ya urithi wa dunia mwaka 1980. Huko kukata mti ni marufuku, lakini jiji lenye njaa ya makala halisomi vibao vya marufuku.

Ndugu zetu wa Goma nao wana Virunga yao. Mwezi wa saba mwaka 2007 gorila kadhaa wa milimani waliuawa kule kwa risasi, na biashara ya makala ikatajwa katika habari ile. Walinzi wengi wa mbuga wamepoteza maisha yao pia. Makala tunayowasha asubuhi kwa ajili ya chai yanaweza kuwa yamepita njia ndefu namna hiyo.

Tukumbuke tena jambo hili: kwa tanuru la udongo, kama wanavyochoma wengi milimani, kilo 1 ya makala inakula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Mfuko mmoja jikoni ni rundo kubwa la miti mlimani. Mti ukiondoka, mvua inashuka na udongo, na sisi tunaokaa kwenye miteremko tunajua udongo ukishuka unafanya nini kwa nyumba na kwa watoto waliolala ndani yake.

Mzigo mwingine ni wa pesa. Mama mwenye uwezo ananunua mfuko mzima. Mama asiye na uwezo ananunua kopo kwa kopo, na ukihesabu makopo mpaka mfuko ujae, yeye ndiye aliyelipa zaidi. Kwa hiyo tulipoanza hatukuanza kwa kuokoa msitu. Tulitaka franka za makala zibaki nyumbani, zilipe daftari za watoto. Kama msitu unapona pamoja nasi, tunamshukuru Mungu mara mbili.

Tulivyoanza vibaya

Tulianza mwaka jana, mwezi wa tisa. Tayari hapo tulikosea, maana mvua ilikuwa imerudi. Tulikusanya maganda ya ndizi, makapi ya maharagi na majani makavu, tukatwanga kwenye kinu, tukachanganya na unga wa mbao tuliopewa na mafundi seremala, tukafinyanga mipira. Tulifurahi sana siku ile. Tuliimba.

Baada ya juma moja, nusu ya mipira ilikuwa na ukungu mweupe. Iliyokauka tuliiwasha, ikatoa moshi mzito mpaka jirani akaja mbio na bidoni ya maji, akidhani nyumba inaungua. Hatukumcheka. Kwenye milima yetu nyumba zimebanana, na tumeshaona moto ukila avenyu nzima usiku mmoja.

Tulichojifunza ni hiki: briketi ziko za aina mbili. Kuna ya mimea mibichi, yaani takataka ambayo haijachomwa. Hiyo inawaka kama kuni na inatoa moshi kama kuni. Inafaa nje, uwanjani, au kwenye jiko lenye bomba la kutoa moshi. Ya pili ni ya mimea iliyochomwa kwanza ikawa nyeusi kama makala, au ya vumbi la makala lenyewe. Hiyo moshi wake ni kidogo. Tukaacha ya kwanza, tukashika ya pili.

Njia ya kwanza: vumbi la makala

Mama anayeanza, aanzie hapa. Haihitaji mashine wala pipa.

1. Weka ndoo au mfuko mtupu karibu na makala yako. Kila vumbi na kila kipande kidogo kinachopita kwenye mbabula bila kuungua, kitie humo. Usifagie vumbi lililo chini kwenye udongo, maana udongo hauwaki. Unakula joto na kukuachia majivu.

2. Vumbi likiwa la kutosha, litwange na ulichekeche. Vipande vya mawe vitupe.

3. Pika uji wa unga wa muhogo. Kwa makopo 10 ya vumbi tunatumia nusu kopo ya unga na makopo 2 mpaka 3 ya maji. Koroga unga na maji baridi kwanza, kisha weka motoni ukiendelea kukoroga mpaka uji ung'ae na uvutike kama gundi. Wamama wengi wanatuuliza: tutachukua chakula cha watoto tukipe moto? Hapana. Tumia unga ulioingia wadudu au uliopata ukungu, ule ambao hata wewe hungeupika bugali. Sokoni wauzaji wanao, na wanautoa kwa bei ndogo.

4. Changanya uji na vumbi ungali na joto, lakini usikuunguze. Kanda kama unga wa mandazi. Kamata konzi moja, ukaze mkono. Ikishikamana bila kutoa maji, imekuwa tayari. Ikivunjika, ongeza uji kidogo. Ikitiririka, ongeza vumbi.

5. Finyanga mipira ya ukubwa wa yai la kuku, ukiikaza sana. Wengine kati yetu wanatumia kipande cha tiyo ya plastiki: wanajaza, wanasukuma kwa mti, inatoka kama soseji, wanakata. Umbo si kitu. Muhimu ni kukaza, maana briketi iliyolegea inavunjika na kuwaka haraka.

6. Anika juu ya shitingi au kwenye meza ya miti, hewa ipite chini. Wakati wa jua kali ni siku 3 mpaka 5, ukigeuza kila siku. Wakati wa mvua, weka chini ya paa karibu na jiko, na uwe na uvumilivu: juma moja au zaidi.

Utajuaje kwamba imekauka? Vunja moja. Katikati pakiwa na rangi nzito na ubaridi, bado. Gonga mbili pamoja: zilizokauka zinalia kama mawe madogo, mbichi hazilii. Usiwashe briketi mbichi. Itakutolea moshi na kukukatisha tamaa, nawe utasema kikundi kilikudanganya.

Njia ya pili: takataka za shamba katika pipa

Vumbi la nyumba moja halitoshi kupika mwezi mzima. Ndiyo sababu tunatumia pia mabua na magunzi ya mahindi, maganda ya kahawa, mashina makavu ya maharagi na majani makavu ya migomba. Wenzetu wa bonde la Ruzizi wanayo mabaki ya miwa na makapi ya mpunga. Lakini makapi ya mpunga yanaacha majivu mengi, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo ni vizuri kuyachanganya na kitu kingine.

Njia ya pipa si uvumbuzi wetu. Mhandisi mmoja wa Marekani, Amy Smith, pamoja na wanafunzi wake wa chuo cha MIT, waliifanyia kazi kule Haiti, nchi iliyomaliza sehemu kubwa sana ya misitu yake. Haiti walikuwa na mabaki ya miwa na walikuwa na muhogo, kama sisi. Walichoma mabaki hayo kwenye pipa la mafuta, wakayashikamanisha kwa uji wa muhogo. Tulipoisikia habari hiyo tulisema: kama mama wa Haiti ameweza, mama wa Kivu atashindwa na nini?

Tunafanya hivi. Pipa kuukuu lina matundu chini na mdomo wazi juu. Tunaliweka juu ya mawe matatu ili hewa iingie chini. Tunajaza magunzi makavu kabisa bila kuyashindilia, tukiacha njia ya hewa katikati, kisha tunawasha. Mwanzoni moshi unatoka mweupe na mzito. Ni maji yaliyo ndani ya mimea yanayotoka. Tunangoja. Moshi ukipungua na kuwa mwepesi, tunafunika mdomo kwa bati, tunatoa mawe kwa mti mrefu ili pipa likae chini, na tunaziba pembeni pote kwa mchanga au udongo. Hewa isiingie hata kidogo. Hewa ikiingia, kesho utakuta majivu.

Halafu tunaliacha. Hapa tuliharibu mara mbili kwa haraka yetu: tulifungua pipa likiwa bado na moto ndani, likapata hewa, likawaka lote mbele ya macho yetu. Sasa tunafunga jioni na kufungua kesho yake asubuhi, pipa likiwa baridi kabisa. Ndani tunakuta magunzi meusi na mepesi yanayovunjika kwa mkono. Tunayatwanga, tunachekecha, na kuanzia hapo kazi ni ile ile ya vumbi.

Pipa lichomwe mbali na nyumba, siku isiyo na upepo mkali, maji yakiwa karibu, na watoto wakae mbali. Sisi tunaomba uwanja kwa jirani mwenye shamba nje ya jiji, kwa sababu katika lupango zetu hakuna nafasi salama.

Briketi inapika nini

Tuseme ukweli: briketi haipendi haraka. Inachelewa kushika moto. Sisi tunaweka vipande vichache vya makala chini, vikishika ndipo tunapanga briketi juu. Ukitaka chai ya asubuhi kabla watoto hawajaenda shuleni, tumia makala yako ya kawaida. Bugali nao unataka moto wa nguvu, na wengi wetu bado tunausonga kwa makala.

Lakini kwa maharagi, sombe, miguu ya ng'ombe, mihogo, vitu vinavyotaka moto wa polepole wa saa nyingi, briketi ni rafiki. Ukishaipanga, usiichokoechokoe, maana itavunjika. Iache ifanye kazi yake. Ina majivu mengi kuliko makala, basi kabla ya kuwasha tena, toa majivu ya jana ili mbabula ipumue.

Na tusisahau yale waliyotufundisha wamama wakubwa kabla ya neno briketi kufika hapa. Loweka maharagi tangu jioni. Funika chungu. Maharagi yaliyolowekwa yakishachemka kwa nguvu, angalau dakika 10 na zaidi, unaweza kutoa chungu motoni na kukifungia kwenye kikapu chenye nguo kuukuu na majani makavu ya migomba. Yataendelea kuiva yenyewe kwa muda, na baadaye utayamalizia kwa moto mdogo. Makala ambayo hukuyawasha ndiyo yenye bei ndogo kuliko yote.

Kosa letu

Sasa tufike kwenye jambo zito.

Tulipoona briketi zetu za pili hazitoi moshi, tulitembea kwa furaha na kuwaambia wamama wote: "Hii haina moshi! Unaweza kupikia popote." Tulisema hivyo kwenye mkutano, tulisema sokoni, tulisema baada ya ibada. Hatukufikiri maneno yetu yatafika wapi.

Yalifika kwenye nyumba ya mama mmoja kati yetu, mwezi wa tatu, usiku wa mvua na baridi. Alimaliza kupika maharagi, na briketi zilikuwa bado zina moto mzuri mwekundu. Watoto walikuwa wanatetemeka. Akaingiza mbabula katika chumba cha kulala, akafunga dirisha na mlango, akaziba chini ya mlango kwa nguo kwa ajili ya upepo. Alikumbuka maneno yetu: haina moshi.

Kati ya usiku mtoto mdogo alilia. Mama alitaka kuamka, miguu ikakataa. Kichwa kilikuwa kinampasuka. Mtoto wa pili alikuwa ametapika akiwa amelala, wala hakuamka. Alitambaa mpaka mlangoni, akaufungua, akapiga kelele. Majirani ndio waliowatoa nje kwenye mvua, mmoja mmoja, na kuwapeleka kwenye kituo cha afya. Wote walipona. Lakini mama yule alituambia jambo ambalo hatujalisahau: "Mulisema haina moshi. Mimi nilisikia haina sumu."

Alikuwa na haki. Kosa lilikuwa letu.

Wamama, sikieni vizuri. Makala yoyote yanayowaka, yawe ya mti, yawe ya briketi, yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi. Haina harufu. Haichomi macho kama moshi, basi mwili hauna cha kukuonya. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Kwanza unasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uzito wa usingizi. Ukiwa umelala, unaweza usiamke tena.

Kwa hiyo tunaweka sheria hizi, na tunaomba kila kikundi kizisome kwa sauti:

Mbabula yenye moto isilale na watu. Hata kidogo, hata kwa baridi kali, hata kama moto umebaki majivu mekundu tu. Toa nje kabla ya kulala.

Ukipikia ndani kwa sababu ya mvua, fungua mlango na dirisha, na watoto wadogo wasikae hapo.

Mtu akilalamika kichwa na kizunguzungu karibu na mbabula, usimpe dawa ya kichwa umwache alale. Mtoe nje kwenye hewa haraka, wengine wote watoke pia, na mumpeleke kituo cha afya.

Kwa baridi ya usiku, ongeza blanketi, lala na watoto pamoja, tia maji ya moto kwenye chupa ngumu iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa nguo. Moto, hapana.

Tukiongea juu ya hewa ya jikoni, tujue kwamba jambo hili si dogo wala si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linasema moshi na gesi za majiko ya nyumbani zilisababisha vifo karibu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5. Hao ni watoto waliobebwa mgongoni wakati mama anapika.

Na mwenzetu anayeuza makala?

Katika kikundi chetu kuna mama anayeuza makala. Ni mjane, na kwa meza ile amesomesha watoto wanne. Siku ile ya kwanza tulipoongea juu ya briketi, alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akauliza: "Munataka batoto yangu bakule nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumehesabu franka za kila mtu isipokuwa zake. Wengine walisema polepole kwamba anapinga maendeleo. Mama mmoja mkubwa akawanyamazisha: "Yeye anauza kile ambacho sisi wote tunanunua. Kama ni dhambi, tugawane."

Ilichukua mikutano mitatu. Mwishoni yeye mwenyewe ndiye aliyeonyesha njia. Chini ya meza yake vumbi lilikuwa linajaa kila siku, naye alikuwa analipa kijana wa mkokoteni aende kulitupa. Sasa halitupi. Analileta kwenye kikundi, nasi tunalifinyanga, na sehemu ya briketi inarudi kwenye meza yake aziuze pamoja na makala. Anajua moto kuliko sisi sote. Ndiye anayegonga briketi na kusikiliza kabla hazijatoka. Kuna mara moja tulimletea mzigo haujakauka vizuri kwa sababu tulitaka pesa ya haraka. Aliukataa wote, akasema mteja akidanganywa mara moja harudi mara mbili. Tulikasirika siku hiyo. Leo tunamshukuru.

Hatuwezi kusema kwamba briketi zimechukua nafasi ya makala kwenye meza yake. Bado makala ndiyo yanayomlisha. Lakini anasema kila briketi inayotoka ni faida ya kitu alichokuwa analipia kitupwe.

Kazi isimwangukie mama mmoja

Lawama moja tulizozisikia ni ya kweli: kazi hii inachosha. Mama amelima, amechota maji, ameuza sokoni, sasa tunamwambia atwange na vumbi? Tulipoacha kila mmoja afanye kwake, wengi waliacha baada ya majuma mawili.

Ndipo tukaifanya kama likelemba. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana kwa mama mmoja. Kila mmoja analeta vumbi lake na mikono yake; mwenye nyumba anapika uji wa gundi. Tunatwanga, tunafinyanga, tunaongea, na briketi zote za siku hiyo zinabaki kwake. Jumamosi inayofuata ni zamu ya mwingine. Kwa saa chache anapata za kutosha kupikia maharagi siku nyingi. Mama aliyejifungua au anayeuguza anapewa zamu ya mbele, hata kama hakuweza kuja kutwanga. Na wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, tunafanya nyingi zaidi na kuweka akiba mahali pakavu, maana wakati wa mvua kukausha ni vita.

Pesa nazo, usituamini sisi, hesabu mwenyewe. Chukua daftari. Juma moja pika kama kawaida na uandike kila franka ya makala. Juma la pili pika maharagi na sombe kwa briketi, uandike tena. Tofauti utaiona kwa macho yako, na baba wa nyumba ataiona pia. Kwa wengi wetu mfuko uliokuwa unaisha kabla ya mwezi sasa unaugusa mwezi mpya. Si utajiri. Ni daftari, ni sabuni, ni dawa ya minyoo ya mtoto.

La kufanya juma hili

Wamama, tunawaomba mambo matatu tu. Kwanza, leo jioni weka ndoo moja ya vumbi karibu na makala yako. Usitupe tena. Pili, msomee habari hii jirani asiyejua kusoma, hasa zile sheria za mbabula, kabla mvua haijakolea. Tatu, kama katika kikundi chako kuna mama anayeuza makala, mwite kwenye mkutano wa kwanza, asisikie habari hizi mwishoni.

Mama yule wa usiku wa mvua anaendelea kufinyanga pamoja nasi. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yake. Tulipomaliza, alipanga briketi kwenye shitingi, akanawa mikono, kisha akamwita mtoto wake mkubwa na kumwonyesha mbabula. "Hii inalala wapi?" akamwuliza.

"Nje, mama," mtoto akajibu.

Tunawatakia juma lenye amani na chungu kisichokosa.

Wamama wenzenu wa kikundi